Fumbo la Sokal: Usasabaadaye, Sayansi na Swali la Nani Asemaye

1. Utangulizi

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hii ina mizizi katika desturi ya utunzi wetu. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19, zama za Muyaka bin Haji, washairi walipelekeana mafumbo, na aliyefumbiwa alitazamiwa kujibu kwa shairi. Fumbo lilikuwa mchezo, lakini pia lilikuwa mtihani. Lilipima kama mpokeaji anasoma yaliyomo katika maneno, au anavutwa tu na sauti yake na sifa za mwenye kuyatamka.

Mwaka 1996 fumbo la namna hiyo lilifumbwa mbali sana na pwani yetu. Alan Sokal, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha New York, alikuwa amepeleka makala kwa jarida la Kimarekani liitwalo Social Text. Jarida hilo liliyatia katika toleo maalumu juu ya mgogoro uliokwisha kuitwa vita vya sayansi. Makala yalidai kwamba ulimwengu wa maumbile, na hata nguvu ya uvutano yenyewe, ni zao la jamii na lugha. Mara tu yalipochapishwa, mwandishi yule yule alitangaza katika jarida jingine, Lingua Franca, kwamba yalikuwa dhihaka aliyoitunga makusudi. Akawaalika wanaoamini kuwa kanuni za fizikia ni desturi tu za jamii waende wakazijaribu kutoka madirishani mwa nyumba yake, iliyokuwa orofa ya ishirini na moja.

Msomaji ana haki ya kuuliza kisa hiki cha wasomi wa Marekani kinatuhusu nini sisi tunaoshughulikia lugha na fasihi za Afrika. Jibu ni kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi siku hizi kwenda mbali bila kukutana na usasabaadaye. Tumelitumia neno hili kuzifafanua Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila. Lakini mara nyingi tumeichukua nadharia hii kama orodha ya mbinu: msuko uliovunjika, wakati usiofuata mkondo, uhalisiajabu, matini inayodokeza matini nyingine. Swali lililo moyoni mwake tumeliacha mlangoni. Je, kuna ukweli usiotegemea nguvu za anayeusema? Makala haya yanakusudia kulirudia swali hilo kwa kuyasoma maandishi ya Sokal jinsi mhakiki anavyosoma tashtiti yoyote, kisha kulipima kwa mifano ya Kenya na Afrika Kusini, mahali ambapo jibu lake limegusa miili na maisha ya watu.

2. Maandishi na wasomaji wake

Usasabaadaye uliingia katika mjadala wa sayansi kwa njia ya Jean-François Lyotard, ambaye mwaka 1979 alitoa ripoti juu ya hali ya maarifa aliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, huko Kanada. Kiini cha ripoti hiyo ni kwamba watu wa zama hizi hawayaamini tena masimulizi makuu, yaani hadithi kama ile ya akili inayomkomboa mwanadamu, ambazo zilikuwa zikiipa sayansi uhalali wake. Kabla yake, mwaka 1962, Thomas Kuhn alikuwa ameonyesha kwamba wanasayansi hufanya kazi ndani ya vielelezo vinavyokubalika na jumuiya yao, na kwamba vielelezo hivyo huvunjika na kubadilishwa. Kuhn hakudai kwamba maumbile hayana sauti katika mabadiliko hayo. Baadhi ya waliomfuata ndio waliokaribia kudai hivyo. Mwaka 1994 Paul Gross na Norman Levitt walitoa kitabu kikali dhidi yao, na Sokal anasema kitabu hicho ndicho kilichomchochea.

Tukiyatazama maandishi ya Sokal kwa jicho la fani, twaona kwamba nguvu yake imo katika uigaji. Anaiga lugha ya wahakiki: sentensi ndefu, istilahi za fizikia zinazogeuzwa kuwa sitiari za siasa, na tanbihi zaidi ya mia moja. Sehemu kubwa ya dhihaka hakuitunga yeye. Aliyanukuu maneno halisi ya wanazuoni wenye majina makubwa wa Ufaransa na Marekani juu ya hisabati na fizikia, kisha akayasifu. Mtunzi wa kijembe wa kwetu angeutambua ufundi huu: unamvika mtu sifa zinazompwaya hadi watazamaji wacheke. Na kama katika kila kijembe kizuri, mwiba ameuweka pale ambapo masikio ya msifiwa yanaburudika zaidi. Makala yanaanza kwa kuwakashifu wanafizikia wanaoamini kuwa kuna ulimwengu nje yetu, na yanaishia kwa kudai hisabati ya ukombozi. Mwanzo huo na mwisho huo ndio uliowapendeza wahariri. Ya katikati hawakuwa na uwezo wa kuyapima, wala hawakumwita mwenye uwezo huo.

Wahariri walijitetea. Walisema jarida lao halikuwa na desturi ya kupeleka makala kwa wasomaji wa nje, kwamba walimwomba Sokal apunguze tanbihi na falsafa akakataa, na kwamba aliivunja imani ambayo kazi ya kitaaluma huitegemea. Hoja hii ya mwisho ina uzito, maana mtaalamu anayetumia jina la taaluma yake kudanganya ameazima heshima ambayo si yake peke yake. Sokal naye baadaye alikiri kwamba kisa hiki hakithibitishi mengi: kinaonyesha tu kuwa wahariri wa jarida moja walizembea. Hakithibitishi kwamba uchunguzi wote wa kijamii kuhusu sayansi ni upuuzi. Magazeti mengi yalilisahau onyo hilo. Mwaka 1997 Sokal na Jean Bricmont walipotoa kitabu nchini Ufaransa juu ya matumizi mabaya ya istilahi za sayansi, Jacques Derrida alijibu katika gazeti la Le Monde kwamba wawili hao si watu wa kuchukuliwa kwa uzito. Pande zote mbili zilikuwa zimeanza kusikiliza jina la msemaji kabla ya neno lake.

Hapa ndipo kisa kinapotugusa sisi wahakiki. Kosa la wahariri wale halikuwa kutojua fizikia, kwa maana hakuna ajuaye kila kitu. Kosa lao lilikuwa kuuchukua msimamo mahali pa hoja. Mwandishi alionekana kuwa wa upande wao, na hilo likawatosha. Je, sisi tuko salama na kosa hilo? Katika miaka ya 1970 wengi wetu tulimpima mwandishi kwa kuuliza kama anasimama na tabaka la wanyonge, na riwaya dhaifu ikasifiwa kwa kuwa mhusika wake mkuu anaishia kwenye mgomo. Leo twampima kwa kuuliza kama anavuruga umbo la riwaya. Kipimo kimebadilika, lakini mazoea ya kupima bendera badala ya shehena yamebaki.

Jambo jingine hupuuzwa na wanaomfanya Sokal kuwa shujaa wa wahafidhina. Yeye mwenyewe alijitangaza kuwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliyewahi kufundisha hisabati nchini Nicaragua wakati wa utawala wa Wasandinista. Alidai kwamba wanyonge ndio wanaouhitaji ukweli zaidi ya wote, kwa sababu hawana silaha nyingine. Dai hili ndilo tunalotaka kulipima kwa mifano iliyo karibu nasi.

3. Shaka lililo haki

Haitakuwa haki kulilaumu shaka kabla ya kueleza lilikotoka. Nchini Kenya, mwaka 1933, kulianzishwa chama cha walowezi cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mmoja wa viongozi wake, daktari H. L. Gordon, alidai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, na kwa hiyo elimu ya Kizungu ingemdhuru. Mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya, akiwa amepima uzito na tabaka za ubongo wa maiti waliochunguzwa Nairobi. Namba zilikuwepo, mizani ilikuwepo, jarida lenye hadhi lilikuwepo. Mtu aliyetaka kumnyima mtoto wa Mwafrika shule aliweza sasa kusema kwamba si yeye anayesema, ni sayansi.

Kisha akaja J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilipiga chapa mjini Nairobi kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi na kuchukua silaha waligeuzwa kuwa watu walioshindwa kuyamudu mabadiliko ya zama. Siasa ilivikwa kanzu ya tabibu, na dai la ardhi likaandikiwa cheti cha maradhi.

Anayeijua historia hii hawezi kushangaa akimsikia mwanafunzi wa Kiafrika akiunga mkono nadharia inayosema kwamba maarifa na mamlaka ni mapacha. Hata hivyo yafaa tuulize kwa makini: Gordon, Vint na Carothers walishindwa kwa hoja gani? Kama kila maarifa ni zao la mamlaka, basi maandishi yao ni masimulizi ya walowezi, na majibu yetu ni masimulizi ya waliotawaliwa, wala hakuna kipimo cha kuamua kati ya haya na yale isipokuwa nguvu. Mwaka 1953 nguvu zilikuwa za nani?

Makosa yao yaonyeshwa kwa njia nyingine. Ubongo wa mtu mzima aliyefia mjini hauwezi kusimulia peke yake jinsi alivyolishwa utotoni na maradhi aliyopitia. Kuulinganisha na takwimu za watu wa nchi nyingine, walioishi maisha mengine, na kisha kuita tofauti hiyo mbari, ni kukosea katika hesabu yenyewe ya sayansi. Kadhalika, kuwachukua watu waliofikishwa Mathari, ambao wengi walifika kwa amri ya serikali, na kuwafanya mfano wa bara zima, ni kosa ambalo mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza hukatazwa. Frantz Fanon, aliyekuwa tabibu wa maradhi ya akili, alipomjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, hakudai kwamba kila mmoja ana ukweli wake. Aliyakusanya madai yale, akayarudisha katika hali ya ukoloni iliyoyazaa, na akasema si kweli. Siasa ilimwonyesha mahali pa kutazama. Lakini aliyoyaona hapo aliyadai kuwa ni hakika, wala si maoni ya upande mmoja.

4. Shaka lililopotoka

Shaka likikosa mpaka hugeuka. Huko Urusi ya Kisovieti, Trofim Lysenko alizipinga kanuni za urithi wa jeni kwa kuziita sayansi ya mabepari, na katika kikao cha Agosti 1948 cha chuo cha sayansi ya kilimo mafundisho yake yalitangazwa kuwa ndiyo ya chama. Mshindani wake mkubwa, Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu kutoka pembe nyingi za dunia na kufika hata Uhabeshi, alikuwa amekamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Mbegu hazikuulizwa zina maoni gani. Swali pekee lililoulizwa lilikuwa: nani asemaye, na ni wa tabaka gani?

Mfano wa karibu zaidi ni wa Afrika Kusini. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki aliunda jopo la kuchunguza chanzo cha UKIMWI, akiwaweka wanaokana kwamba virusi ndivyo viletavyo ugonjwa huo pamoja na wanaokubali. Baadhi ya aliyoyasema yalikuwa na msingi. Ni kweli kwamba umaskini huyapa maradhi nafasi. Ni kweli kwamba mwili wa Mwafrika umesemwa vibaya na matabibu wa kikoloni, kama tulivyoona. Ni kweli pia kwamba kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali yake ili kuizuia sheria ambayo ingeleta dawa za bei nafuu, kesi waliyoiondoa mwezi Aprili 2001. Lakini kutoka kwa kweli hizo alivuka kwenda kwenye jambo ambalo hazikulithibitisha, na dawa zikacheleweshwa katika hospitali za umma. Wanasayansi na matabibu zaidi ya 5,000 walitia sahihi tamko la Durban la mwaka 2000 kuthibitisha kwamba virusi ndivyo chanzo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Sidai kwamba Mbeki alipotoshwa na Lyotard. Ninalodai ni kwamba umbo la hoja ni moja: neno linakataliwa kwa sababu ya kinywa lilikotoka. Nasi Wakenya tusijione kuwa watazamaji. Mwaka 1990 dawa iliyoitwa Kemron ilitangazwa kwa shangwe na Rais Moi mwenyewe kuwa ushindi wa watafiti wetu dhidi ya UKIMWI. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba inawafaa wagonjwa. Waliouliza maswali mapema walionekana kama wasiopenda nchi yao. Fahari ya taifa ni jambo jema, lakini haimtibu mgonjwa.

Wenye nguvu nao wamejifunza kulitumia shaka. Waraka wa ndani wa kampuni moja ya sigara ya Marekani wa mwaka 1969 ulieleza wazi kwamba bidhaa yao ni shaka, kwa kuwa ndilo linaloweza kushindana na ushahidi uliokwisha kujengeka akilini mwa umma. Mwaka 2004 Bruno Latour, mmoja wa waasisi wa uchunguzi wa kijamii wa maabara, aliandika kwa huzuni kwamba wale wanaokana mabadiliko ya tabia ya nchi wanatumia silaha zinazofanana na zile alizozifua yeye na wenzake. Ni maungamo ya mtu mkweli, na yanastahili kusomwa na kila anayefundisha nadharia hizi.

Je, shaka na hakika haviwezi kukaa nyumba moja? Vyaweza. Huko huko Afrika Kusini, chama cha wanaharakati kilichoanzishwa mwaka 1998 kudai matibabu ya UKIMWI, Treatment Action Campaign, kilisimama upande wa serikali dhidi ya kampuni za dawa. Kisha kikaishtaki serikali hiyo hiyo, na mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru nevirapini itolewe kwa wajawazito wenye virusi katika hospitali za umma. Wanachama wake, ambao wengi walikuwa maskini na wagonjwa, walijifundisha namna virusi vinavyofanya kazi ndani ya mwili. Waliutilia shaka uchoyo wa mwenye kiwanda bila kulitilia shaka lile lililothibitishwa katika maabara yake. Hawa walilifumbua fumbo ambalo wahariri wa Social Text walishindwa nalo.

5. Riwaya na hoja

Mtu aweza kudhani kwamba nawataka waandishi wetu warudi kwenye uhalisia wa zamani. La hasha. Riwaya ina haki ya kuuvunja ulimwengu ili tuuone upya. Msimulizi wa Nagona anaposafiri katika nchi ya ndoto akiutafuta ukweli unaomponyoka, Kezilahabi hatoi nadharia ya fizikia. Anatuonyesha uchungu wa kutafuta. Tena, ukweli unaoponyoka lazima uwe na thamani kwa mtafutaji, la sivyo safari nzima haina maana. Mhakiki anayeisoma riwaya hiyo na kutoka na kauli kwamba hakuna ukweli ameuchukua uchungu wa mtafutaji akaufanya kuwa jibu la mwalimu.

Wala tusikubali kwamba akili ya kuhoji na kupima ni mali ya Ulaya, na kwamba kuitetea ni kuusaliti Uafrika. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Odera Oruka aliwatafuta wazee wenye hekima vijijini, akatofautisha wale wanaokariri mapokeo na wale wanaoyahoji kwa hoja zao wenyewe. Aliwakuta wote wawili. Paulin Hountondji wa Benin alikuwa amekwisha kuonya mwaka 1976 dhidi ya falsafa inayodhania kwamba Waafrika wote hufikiri kitu kimoja. Tukiuambia ulimwengu kwamba sisi tuna namna yetu ya kujua isiyohitaji ushahidi, tutakuwa tumeirudisha sentensi ya Carothers kwa mlango wa nyuma, tena tukiitia sahihi kwa mkono wetu.

6. Hitimisho

Usasabaadaye umetufundisha kuuliza nani asemaye, kwa faida ya nani, na kwa fedha za nani. Tuendelee kuuliza. Lakini swali hilo ni la kwanza tu, nalo lifuatiwe na mawili: analosema ni lipi hasa, na lingekuwa si kweli tungejuaje? Mhakiki anayeishia kwenye swali la kwanza atatekwa na yeyote anayevaa rangi za upande wake, kama walivyotekwa wahariri wa mwaka 1996. Anayelikwepa la kwanza naye atatekwa na kanzu nyeupe, kama walivyotekwa waliompigia chapa Carothers.

Katika lugha yetu maneno haki na hakika yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Asili ya neno si hoja, na sitaki kuifanya iwe hoja. Hata hivyo mifano tuliyoipitia yaonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa Soweto mwaka 2001, kama yule aliyenyimwa shule mwaka 1934, alinyimwa haki yake na watu walioipindua hakika kwanza. Kazi ya idara zetu ni kumpa mwanafunzi uwezo wa kulifumbua fumbo analofumbiwa, hata pale anayelifumba ni rafiki yake.